Vestine Achagua Makoleo

Vestine Mukashyaka alikulia Goma, katika nyumba ambayo mgeni alilazimika kuinama na kukunja magoti ili apite, maana nusu ya sebule ilikuwa marundo ya waya. Baba yake alikuwa msokota waya. Alitengeneza mitego ya panya, vyuma vya kuchomea samaki, vitundu vya kuku na vishikio vya ndoo. Mama yake alilalamika kila siku kwamba ameolewa kwenye kiota cha ndege wa chuma. Vestine alikuwa kifungua mimba na alipenda kiota hicho. Akitoka shule alikaa chini kando ya baba yake, akapewa kipande cha waya na koleo dogo, akafundishwa.

"Waya haibembelezwe, na haipigwe," baba alimwambia. "Inashikwa. Ukiishika muzuri, itaenda kwenye unataka."

Familia iliporudi Rwanda na kukaa Gisenyi, macho ya baba yalikuwa yameshaanza kufifia, na kazi ile ikafa kimyakimya. Vestine aliolewa na Viateur, mkatisha tiketi za basi, mwanamume mpole mwenye sauti kubwa. Wakapanga nyumba Nengo, wakapata mtoto wa kwanza, Cyusa, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mama Cyusa. Aliuza nyanya. Aliuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Alifua nguo za watu mpaka mikono ikachubuka kwa sabuni. Miaka ikapita bila yeye kugusa waya ila ile ya kuanikia nguo.

Kilichomrudisha kwenye waya ni korongo la Kanzenze.

Wakati wa kiangazi korongo lile ni njia ya mbuzi tu. Mawe meusi, mchanga, na kina mama wanaokatiza na majembe begani. Lakini mvua ikinyesha kule juu kwenye volkano, maji huteremka kwa kishindo yakibeba mawe yenye ukubwa wa ng'ombe. Masika yaliyotangulia lilivunja ukingo wake. Lilipita katikati ya mashamba, likang'oa viazi, likabomoa majiko na mazizi, likaacha changarawe mahali palipokuwa na udongo mweusi wa kutamaniwa. Basi ukaletwa mradi wa kujenga ukuta wa gabioni, yaani masanduku makubwa ya wavu wa waya yanayojazwa mawe, kufungwa vifuniko, na kupangwa moja juu ya jingine mpaka yawe boma. Wanaume wangebeba mawe. Kusuka na kufunga masanduku walitafutwa wanawake.

Vestine alilisikia tangazo kanisani na kesho yake akapanda kwenda Kanzenze. Alipopewa kipande cha waya ili wamwone, alikikunja mara moja, akakizungusha, akakibana, na mikono yake ikakumbuka kila kitu kabla kichwa hakijakumbuka. Haikuchukua muda wanawake wenzake wakamfanya kapita, yaani msimamizi wao.

Mkuu wa ujenzi aliitwa Mutabazi. Alikuwa mtu wa Kanisa la Pentekoste, mrefu, aliyezaliwa na kusomea Tanzania, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwachekesha wanawake wale, naye alicheka nao. Kwenye kazi lakini hakuwa na mzaha.

"Mama Cyusa," alimwambia Vestine siku ya kwanza, "ukuta huu ni lazima ukamilike kabla ya masika. Ukibaki na mwanya mmoja tu, maji yatapita hapohapo na kuvuta mengine yote. Kundi lako likishindwa, nitaambiwa nilete watu wengine kutoka mbali, na mimi sitaki."

"Hatutashindwa, Shefu," Vestine alijibu.

Alijibu hivyo kabla hajaona makoleo.

Makoleo, ambayo watu wa Gisenyi huyaita pensi, yalikuwa yamenunuliwa na mtunza mfuko wa kundi, mama mmoja mwembamba aitwaye Gisubizo. Walimchagua kwa sababu hakuna kitu cha kundi kilichowahi kupotea mikononi mwake. Aliyapata kwa mchuuzi, ya kung'aa kama sahani mpya, mishiko myekundu, na yalikuwa rahisi kiasi kwamba kila mwanamke alipata lake. Gisubizo aliyagawa kwa fahari. Kila mmoja akalipokea kwa vigelegele.

Furaha haikudumu. Misumari ya katikati ililegea, taya zikaanza kucheza huku na huku. Sehemu ya kukatia haikukata, ilitafuna. Wanawake walilazimika kupinda waya kwenda na kurudi mpaka ichoke na kukatika yenyewe. Plastiki nyekundu iliteleza kwenye viganja vyenye jasho, ikavivisha malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Kufunga pembe moja ya sanduku kulikuwa kama kumnyoa simba. Mawe ya wanaume yalirundikana yakingoja masanduku, na wanaume wakaanza kuketi juu ya mawe yao na kupiga soga.

Halafu likatokea la Uwimbabazi.

Uwimbabazi alikuwa mwenyeji wa Kanzenze. Shamba lake lilikuwa ukingoni mwa korongo, au tuseme nusu ya shamba, maana nusu ya pili ilichukuliwa na maji. Alifanya kazi kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Asubuhi hiyo alikuwa akivuta waya ya ukingo, amelikaza koleo kwa mikono miwili, mguu umekita kwenye jiwe. Taya moja ya koleo ikavunjika. Waya ikaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ikampasua kuanzia shavuni kwenda kwenye nyusi.

"Ayiwee!" alipiga kelele, akaanguka akijishika uso, na damu ikapita katikati ya vidole.

Vestine alikuwa wa kwanza kumfikia. Alifungua kitenge chake, akamfunga, akampandisha kwenye pikipiki ya mmoja wa wabeba mawe na kupanda nyuma yake kumshikilia mpaka kituo cha afya. Muuguzi alisafisha, akashona, akamulika jicho kwa tochi muda mrefu.

"Jicho liko salama," hatimaye alisema. "Ihangane, mama, vumilia tu. Imepita karibu sana."

Vestine alirudi korongoni. Alichukua gunia tupu, akapita kwa kila mwanamke, akanyoosha mkono, akachukua koleo na kulitia ndani. Gunia lilipojaa, alilifunga mdomo kwa waya.

"Leo hakuna mutu atafunga tena na ile vitu," alisema.

Wanawake walitazamana. Gisubizo alisogea mbele, uso umekakamaa.

"Mama Cyusa, mvua iko inakuja. Unasimamisha kazi ya batu bote juu ya pensi moja yenye ilivunjika?"

"Haiko moja. Iko yote. Ile moja ilitangulia tu."

"Bon, haya. Na tutafunga na nini? Na meno?"

"Mama Gisubizo, ingekuwa jicho yako, ungeniuliza hivyo?"

Gisubizo akageuza uso. Vestine akaona kwamba mwanamke yule tayari alikuwa akijilaumu tangu damu ilipotoka, na kwamba ukali wake ulikuwa wa kujificha tu. Akamshika bega.

"We ulitafuta ya bei muzuri juu yetu sote. Mi nilishika ile pensi siku ya kwanza, nikasikia iko nyepesi, na sikusema. Sasa tuende sokoni pamoja. We na mi."

Mutabazi aliposikia, alikuja mbio akiwa na kofia yake ya plastiki mkononi. Alilichungulia lile koleo lililovunjika, akapitisha kidole mahali palipokatika. Ndani chuma kilikuwa na chembechembe kama sukari.

"Hiki kimemiminwa kwenye kalibu, hakikufuliwa kwa nyundo," alisema. "Kimevunjika kama biskuti. Unajua kuchagua kilicho bora, Mama Cyusa?"

"Najua, Shefu. Baba yangu alinifundisha."

"Basi nenda kesho. Nitawapa wanaume kazi ya kuchimba msingi. Lakini kesho tu. Anga ikinuna, sina la kuwasaidia."

Jioni, Viateur alimkuta mkewe ameketi mezani hajagusa chakula.

"Unaogopa nini?" alimwuliza.

"Mufuko ya kundi yote itaingia mu mikono yangu," Vestine alisema. "Nikikosea, hatutanunua tena. Na kusema kweli, tangu baba afe sijachagua pensi ya kazi hata moja."

Viateur alifikiri. "Mimi kila siku naona watu wakipanda basi," alisema. "Mwenye kuogopa kukosea basi anauliza mara kumi, na anafika. Mwenye kujiamini sana ndiye namwona stendi nyingine analia. Kula, mama."

Vestine akacheka, akala.

Kesho yake soko la Gisenyi lilikuwa limefurika. Gisubizo alitembea mbele, mfuko wa kundi umefungwa kiunoni chini ya kitenge, mkono mmoja juu yake kama mjamzito. Vestine alibeba kapu, na ndani ya kapu kulikuwa na vipande vya waya ya gabioni aliyokata korongoni. Hakutaka kujaribu koleo kwa waya ya muuzaji. Alitaka ile atakayopambana nayo.

Hawakufika mbali kabla ya mchuuzi mmoja kuwaita. Alikuwa amekusanya watu. Mkononi alikuwa na koleo la kung'aa, na mbele yake spoku za baiskeli.

"Muangalie!" alipaza sauti. "Spoku! Chuma ngumu kabisa!" Akabana. *Tak!* Spoku ikaruka vipande viwili, na watu wakashangilia.

"Umeona?" Gisubizo alinong'ona, macho yamemtoka.

Watu wote walikuwa wakiitazama spoku. Vestine alinyoosha mkono, akaliomba koleo, akatazama makali yake. Palepale spoku ilipokatwa palikuwa na pengo dogo kama jino lililong'oka. Alimwonyesha Gisubizo.

"Imekata, ndiyo," alisema polepole. "Mara moja. Hapa sasa waya yetu ya nyembamba itapita ndani ya hii shimo, haitakatika. Na tena, ile ni makosa ya kufanya. Pensi ya waya laini haikate spoku, hata ikuwe muzuri namna gani. Iko ingine ya kazi ile."

Akamrudishia mchuuzi koleo lake kwa shukrani, wakaenda.

Duka la Kimenyi, muuza vyuma, lilikuwa nyuma ya soko. Lilikuwa na giza na harufu ya mafuta na mpira. Kimenyi mwenyewe, mtu mnene asiyependa kusimama, aliwatazama wanawake wawili wenye kapu na kudhani wamepotea.

"Bamama, sufuria ziko ngambo ile."

"Hatutake sufuria, Papa," Vestine alisema. "Tunatafuta pensi na tenai za kazi. Kazi ya kila siku, ya kutwa."

Kimenyi alimwaga kaunta yote makoleo ya kila rangi. Vestine akaanza. Alichukua la kwanza, akalifunga taya, akaliinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Mwanga ulipenya katikati ya meno. Akaliweka kando. La pili halikupenyesha mwanga, lakini alipolishika mshiko mmoja na kuutikisa, mwingine ulicheza pembeni. Kando. La tatu lilikuwa limekaza mno. Lilifunguka kwa taabu, na akasema koleo la namna hiyo linakula mkono wa mfanyakazi kabla ya waya. La nne alilikatia uzi mmoja aliouchomoa kwenye pindo la kitenge chake. Uzi ulikunjika ndani ya makali badala ya kukatika.

"Kama inashindwa uzi," alisema, "mi naipatia waya ya nini?"

Kimenyi alikuwa ameanza kununa. Sasa aliacha kununa. Aliegemea kaunta, kidevu mkononi, akitazama kama mtu anayeangalia mpira.

"We mama ni fundi wa nini?"

"Wa gabioni. Kanzenze."

"Mbona hukusema!" Akainuka, kiti kikalia, akaingia stoo. Alirudi na sanduku la mbao lenye vumbi. "Hizi hakuna mutu ananunua. Nyeusi, nzito, na bei yake batu banakimbia. Mafundi ya kufunga vyuma vya zege tu ndio banaulizaka."

Ndani zilikuwa tenai: koleo lenye kichwa cha mviringo kama mdomo wa kasa na mishiko mirefu isiyo na plastiki. Vestine alipoishika ya kwanza alihema. Uzito wake ulikuwa kichwani, mahali unapotakiwa. Mishiko ilikuwa mirefu ya kutosha kuongeza nguvu ya mkono mdogo, lakini haikuachana sana hata kiganja cha mwanamke kishindwe kuizunguka. Alitoa waya ya gabioni kapuni, akaibana kwa mdomo wa tenai, akazungusha mara mbili hewani, akakaza, akabana zaidi. Waya ilijisokota na kukatika kwa mwendo mmoja, bila kubadilisha kifaa, bila kuinua kiwiko. Ncha ilikuwa safi.

Alifumba macho kidogo. Baba yake alikuwa na moja ya namna hiyo.

"Hii," alisema.

Aliuliza bei. Gisubizo alipoisikia alishika kaunta.

"Yewe! Mama Cyusa, kwa hii bei hatutapata hata moja kwa kila mutu. Nusu tu! Nusu ya batu bataketi?"

"Jaribu kwanza," Vestine alisema, akamwekea tenai mkononi.

Gisubizo alibana waya kwa mashaka, akisubiri ile kazi ya kutafuna aliyoizoea. Waya ikakatika. Aliitazama tenai. Akakata tena. Akasokota, akakata. Kipande kikaanguka sakafuni, kingine kikafuata, na malengelenge ya kiganja chake, ambayo asubuhi hiyo yalimzuia kufunga mkanda wa kiatu, hayakumuuma. Alikata mpaka vipande alivyoletewa vikaisha, akageukia kapu kutafuta vingine.

"Inatosha, Mama Gisubizo," Vestine alicheka. "Utatumalizia waya ya serikali."

"Donc, basi, tutafanya kazi bawili bawili," Gisubizo alisema, kana kwamba wazo ni lake tangu mwanzo. Akageuka kwa Kimenyi, akakunja mikono, na uso wake ukabadilika. Kwa waya alikuwa mwanafunzi. Kwa biashara alikuwa malkia. Alimkumbusha Kimenyi kwamba sanduku lile lina vumbi. Alimwuliza ni lini mara ya mwisho kuuza hata moja. Alimwambia Kanzenze iko na wanawake wengi, na wanawake wanaongea. Kimenyi alijitetea, akafuta jasho, akacheka, akaapa kwamba watamfilisi, na mwishowe hakupunguza bei tu, alitupia pia mkasi mkubwa wa kukatia waya nene, ule wa mikono miwili, ambao Vestine alikuwa ameutamani ukutani bila kuthubutu kuutaja.

Hata hivyo Vestine hakubeba zile tenai kwa jumla. Alizipitia moja moja, kila moja kwenye mwanga, kila moja kwa uzi, na tatu akazirudisha ndani ya sanduku. Kimenyi hakubisha. Alizitazama hizo tatu kwa makini, akaziweka chini ya kaunta.

Korongoni wenzao waliwazunguka. Wanawake walihesabu kwa macho.

"Tuko wengi, na we unaleta nusu?" mmoja aliguna. "Na tena ni meusi kama ya kutoa kwenye moto!"

Safari hii hakuwa Vestine aliyejibu. Gisubizo alipanda juu ya jiwe.

"Ni mi njo nilinunua zile za kwanza," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Mi njo nawaambia: kuja mushike hizi. Kisha museme."

Wakashika. Na hakuna aliyetaka kuachia.

Vestine aliwapanga wawili wawili. Mmoja alivuta kingo mbili za wavu zikutane na kuzishikilia kwa kijiti. Mwenzake alifunga kwa tenai. Mikono ikichoka, walibadilishana. Mwanamke mmoja mwenye mabega mapana akapewa ule mkasi mkubwa, kazi yake kukata waya nene za kingo kwa vipimo, ili tenai zisilazimishwe kazi isiyo yao. Kila jioni zilifutwa matope na kupakwa tone la mafuta ya pikipiki kwenye msumari. Aliyegonga jiwe kwa tenai alipigiwa kelele na kundi zima.

Sauti ya korongo ilibadilika. Badala ya miguno na kuguguna kwa chuma kibovu, kulisikika *krak, krak, krak*, kama watu wanaokula mahindi ya kuchoma. Mtu akaanzisha wimbo wa kwaya juu ya mlio huo, wengine wakaingia. Masanduku yakaanza kutoka kwa kasi, na sasa ni wanaume waliopigiwa kelele: "Mawe! Tunangoja mawe!"

Uwimbabazi alirudi na nyuzi bado usoni. Alisimama pembeni. Vestine alimpelekea tenai, naye akaificha mikono nyuma.

"Naogopa, Mama Cyusa."

"Uko na haki ya kuogopa. Ile ilikudanganya. Ishike hii, uiangalie mwenyewe."

Uwimbabazi aliichukua kwa vidole viwili. Akaifunga taya, akaiinua kwenye mwanga kama alivyoona wengine wakifanya. Mwanga haukupita. Aliitikisa. Haikucheza. Kisha, taratibu, akapiga magoti kando ya sanduku lililokuwa likitazama shamba lake, akafunga fundo la kwanza.

Masika yalikuja kabla ya wakati wake. Mchana mmoja volkano zikapotea ndani ya wingu lenye rangi ya jeraha, na upepo baridi ukateremka. Ukuta wote ulikuwa umesimama isipokuwa sanduku moja la juu, katikati kabisa, lililojaa mawe lakini halijafungwa kifuniko.

"Tokeni korongoni!" Mutabazi alipaza sauti. "Wote, pandeni juu!"

Watu wakapanda. Vestine alitazama kule juu. Mvua ilikuwa bado mbali, pazia la kijivu kwenye mteremko. Chini ya miguu mchanga ulikuwa mkavu.

"Shefu, lile sanduku liko juu ya ukuta, si chini. Tunaweza kulifunga tukisimama upande wa ukingo. Ukisikia maji, piga filimbi, tunaruka."

Mutabazi alipima kwa macho: sanduku, ukingo, wingu. "Mkiisikia filimbi, hakuna neno 'ngoja kidogo.'"

"Hakuna."

Wakaenda wawili, Vestine na Uwimbabazi. Gisubizo akawafuata bila kuitwa na kukaa juu ya kifuniko kwa uzito wake wote mdogo ili kishuke. Vestine alivuta upande mmoja, Uwimbabazi akafunga. *Krak.* Matone ya kwanza yakaanguka, mapana, ya baridi. *Krak.* Waya ililowa, lakini mishiko ya chuma haikuteleza. Pembe ya kwanza. Pembe ya pili. Upande wa tatu walibadilishana, Vestine akafunga mpaka mkono ukamwaka moto mpaka begani. Kutoka mbali ulisikika mngurumo kama wa lori lililobeba mapipa matupu. Fundo la mwisho lilikuwa la Uwimbabazi. Alizungusha, akakaza, akabana, ncha ikaruka, na filimbi ikalia wakati huohuo.

Wakaruka. Mikono ya watu iliwavuta juu.

Maji yalikuja yakiwa na rangi ya chokoleti, yakisukuma mbele yake miti na mawe. Yaliupiga ukuta. Ukuta ukatoa tumbo kidogo, kama mtu anayepokea mzigo, na nyaya zote zikalia pamoja, mlio mrefu mwembamba ambao Vestine aliusikia kwenye meno yake. Jiwe kubwa likagonga palepale katikati, kwenye lile sanduku la mwisho. Likadunda. Likazunguka, likashindwa, likabebwa chini pamoja na maji kwenye mkondo wake wa zamani.

Ukuta ulisimama.

Uwimbabazi ndiye aliyeanza. Aligeuka akatazama shamba lake, na viazi vyake vilivyoanza kuota majani vilikuwa palepale, vinanyeshewa mvua ya kawaida kama mimea ya mtu yeyote. Akapiga kigelegele kilichotoka tumboni. Wanawake wote wakampokea. Wanaume wakatupa kofia. Gisubizo, aliyelowa mpaka mifupani, alikuwa akicheza peke yake katikati ya matope, mikono juu, kama pembe za ng'ombe. Mutabazi alimshika Vestine mkono, akautikisa, akautikisa tena.

Maji yalipokauka, Mutabazi alitembea ukuta mzima akikagua mafundo kwa vidole. Alikuta nyaya zilizokwaruzwa na mawe yaliyosogea. Fundo lililofunguka hakulikuta. Aliandika hivyo kwenye taarifa yake, akawasomea wenyewe walioyafunga mafundo hayo, na wakamwomba arudie kusoma sehemu ile.

Habari zilipanda mpaka Busasamana, ambako lipo korongo jingine. Siku moja walikuja watu wa huko, wakauzunguka ukuta, wakauliza kapita ni nani. Wanawake wote wakamnyooshea Vestine kidole.

"Tutakuja," aliwaambia. "Lakini vifaa tunachagua sisi. Si nyinyi, si mwenye kuleta bei ndogo. Mi na Mama Gisubizo."

"Mumekubaliwa," walisema.

Asubuhi ya safari lori liliwachukua Nengo na Kanzenze, likapanda barabara ya volkano huku wanawake wakiimba nyuma. Viateur alikuwa ameomba ruhusa kazini ili ampungie mkewe mkono, na sauti yake ilisikika mpaka kona ya pili. Walipofika, Vestine aliruka chini wa kwanza. Korongo la Busasamana lilikuwa pana kuliko lile la Kanzenze, na lenye kina zaidi, na mawe yake yalikuwa meusi zaidi. Alilitazama kutoka juu hadi chini, mikono kiunoni. Kisha akacheka, akakaza kitenge chake.

"Bon," alisema. "Tuanzie wapi?"